Mlima wa Baba Adam: Safari ya Sri Lanka na Mama na wajukuu zake

Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331, miongoni mwa mambo aliyoyaandika ni habari za miguu. Watu wa mji ule, anasema, walitembea peku, na mlangoni mwa msikiti palikuwa na kisima. Kila aliyeingia aliosha miguu kwanza, akaifuta kwenye kipande cha jamvi zito, ndipo akakanyaga ndani. Akalala usiku mmoja, akashika njia ya kwenda Kilwa. Mwaka 1344 msafiri huyohuyo alikuwa ng'ambo ya pili ya bahari hii yetu, kwenye kisiwa ambacho Waarabu walikiita Sarandibi, akipanda mlima kwa kushikilia minyororo ya chuma ili akauone unyayo uliosemwa kuwa ni wa Nabii Adam.

Kisiwa hicho ndicho Sri Lanka ya leo, nchi ambayo kati ya kila watu kumi, saba ni Wabuddha. Mlima unaitwa Sri Pada, na kilele chake kipo mita 2,243 juu ya usawa wa bahari. Jiwe la kileleni lina alama ya unyayo mkubwa kuliko wa mwanadamu yeyote. Wabuddha wanaamini ni unyayo wa Buddha, aliouacha alipokitembelea kisiwa. Wahindu wanamtaja Shiva. Waislamu na Wakristo, tangu enzi za mabaharia wa Kiarabu na Wareno, wameuita mlima wa Adam. Waumini wa dini nne wanapanda njia moja, kila mmoja na imani yake juu ya jiwe lilelile, na hakuna anayemwambia mwenzake ashuke.

Mama yangu ni mzaliwa wa Pangani. Habari za Sarandibi alizipata chuoni, akiwa binti mdogo anayeketi mkekani na msahafu wake juu ya marufaa. Mwalimu wao aliwasimulia kwamba Baba Adam aliposhushwa kutoka peponi alitua juu ya mlima huko Sarandibi, Mama Hawa akatua Jiddah, wakatafutana mpaka walipokutana Arafa. Kurani haikutaja mahali, na wanazuoni wanatofautiana kuhusu masimulizi hayo. Mama analijua hilo vizuri. Lakini alipovuka miaka sabini alianza kusema, tena na tena, kwamba angependa kuuona mlima ule kabla magoti hayajamkatalia.

Basi Desemba, shule zilipofungwa, tuliondoka: Mama, mimi na mke wangu, na watoto wetu watatu. Jamaa waliuliza kwa nini tusimpeleke Umra. Mama aliwajibu mwenyewe kwamba Umra alikwishakwenda, Mwenyezi Mungu aipokee, na kwamba huku haendi kuabudu. Anakwenda kutazama na kuzingatia.

Kabla ya safari niliwapeleka watoto kwenye hekalu la Wabuddha lililopo Dar es Salaam. Wakazi wengi wa jiji hawajui kama lipo. Lilianzishwa na watu kutoka Ceylon, jina la zamani la Sri Lanka, waliokuja huku kikazi mwanzoni mwa karne ya 20, na uani kwake umesimama mti wa Bodhi ambao asili yake inatajwa kuwa ni mti mkongwe wa Anuradhapura, huko Sri Lanka. Nilitaka watoto wajue mapema adabu za nyumba ya ibada ya watu wengine: viatu nje, kofia mkononi, mabega na magoti yafunikwe, sauti ishuke, na usimpe Buddha mgongo ili upigwe picha. Sehemu kubwa ya hayo haikuwa ngeni kwao. Mtoto aliyelelewa msikitini hahitaji kufundishwa kuvua viatu mlangoni.

Kaka na dada

Tulianzia Anuradhapura, kaskazini, uliokuwa mji mkuu wa kisiwa kwa zaidi ya miaka elfu. Humo ndimo Ubuddha ulimoota mizizi katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na jinsi ulivyofika ndiyo iliyonifanya nianze kuiona safari yetu kwa jicho jingine. Kwa mujibu wa mapokeo ya Wasinhala, walio wengi kisiwani, dini hii ililetwa na kaka na dada, watoto wa mfalme Ashoka wa India. Mahinda alitangulia na mafundisho. Sanghamitta akafuata na tawi la mti ambao Buddha alikaa chini yake siku alipopata mwanga. Tawi lilipandwa na mfalme Devanampiya Tissa, na mti ungali hai. Hakuna mti mwingine duniani uliopandwa kwa mkono wa mtu, ukawekewa kumbukumbu ya kupandwa kwake, ukaishi miaka mingi kiasi hicho.

Mwenye kutarajia mti mnene wa kutisha ataduwaa. Matawi ya Sri Maha Bodhi, ndilo jina la mti huo, ni membamba, yameegemezwa kwenye nguzo za rangi ya dhahabu, na mti wenyewe umeinuliwa juu ya kuta za mawe ili watu wasiuguse. Kinachoshangaza ni wanaouzunguka. Tulifika jioni, mvua imekatika punde, mchanga ukiwa bado umelowa chini ya nyayo. Familia nzima nzima zilikuwa zimeketi chini, zote zimevaa nyeupe. Karibu yetu baba mmoja kijana alimwekea mwanawe ua la yungiyungi katikati ya viganja viwili, akambana mikono taratibu isifumbuke, akamwongoza hadi kwenye meza ya mawe iliyojaa maua. Mtoto hakuwa hata na miaka mitatu. Alipoliweka ua lake alibaki akilitazama, kama mtu asiyeamini kwamba ndiyo basi, si lake tena.

Maua hayo yatanyauka kabla ya kesho, nao wanalijua hilo. Ndiyo maana wanayatoa. Maneno wanayoyasema kwa lugha ya Kipali wakati wa kuyaweka yanamkumbusha mtoaji kwamba mwili wake nao unaelekea hukohuko. Hawamwiti Buddha Mungu. Katika mafundisho yao alikuwa mwanadamu, mtoto wa kifalme aliyeitwa Siddhartha Gautama, aliyeona uzee, maradhi na mauti, akatoka kutafuta njia ya kumalizana na mateso.

Na alitoka akiacha mke na mtoto mchanga. Jambo hili lilimsumbua mke wangu siku nzima. Iweje dini iliyoanzishwa na mtu aliyeiacha familia yake usiku ishikwe leo na familia, mama na baba na watoto wakiwa wamebebana namna hii? Jibu, kwa maoni yangu, lipo katika yaliyofuata. Masimulizi yao yanasema Buddha alirudi nyumbani, na mwanawe Rahula akaingia utawa akiwa angali mdogo. Babu yake, mfalme Suddhodana, aliumia sana. Alikuwa amempoteza mwana, sasa anampoteza mjukuu. Akaomba kuanzia siku ile asitawishwe mtoto yeyote bila ridhaa ya wazazi wake, na Buddha akalikubali ombi hilo likawa sheria ya watawa. Inafuatwa mpaka leo. Machozi ya babu yaliandikwa ndani ya kanuni za dini, nami naona hicho ni kitu kikubwa.

Kilomita chache mashariki ya Anuradhapura kuna mlima wa Mihintale, ambako mapokeo yanasema Mahinda alikutana na mfalme aliyekuwa akiwinda. Kabla ya kumfundisha lolote alimpima akili kwa maswali. Akamwonyesha mti, akamuuliza ni mti gani. Mfalme akasema ni mwembe. Ipo miembe mingine? Ipo mingi. Ipo miti isiyo miembe? Ipo. Ukiacha miembe mingine yote, na miti yote isiyo miembe, kuna mti uliobaki? Mfalme akajibu: umebaki mwembe huu. Ndipo likaja swali la pili. Una ndugu? Ninao wengi. Wapo watu wasio ndugu zako? Wapo. Ukiwaondoa ndugu na wasio ndugu, amebaki nani? Nimebaki mimi mwenyewe, akasema mfalme, na Mahinda akajua kwamba mtu huyu anafundishika.

Watoto walicheza fumbo hilo njia nzima. Mwanangu wa kati aliligeuza akamuuliza bibi yake: ukimtoa Bibi, na ukiwatoa wote wasio Bibi, anabaki nani? Mama alifikiri kidogo akasema, "Anabaki Mungu, mjukuu wangu." Sikuongeza neno.

Damu ilimwagika hapa pia

Sitaki msomaji adhani nchi hii ni bustani ya utulivu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya serikali na wapiganaji wa Kitamil, jamii ya wachache kisiwani, vilianza mwaka 1983 na havikwisha hadi 2009. Mei 1985 wapiganaji hao waliingia Anuradhapura wakaua watu zaidi ya mia moja, wakiwamo mahujaji waliokuwa penye mti. Januari 1998 lori la mabomu lililipuliwa mbele ya Hekalu la Jino mjini Kandy, panapohifadhiwa jino linaloaminika kuwa la Buddha. Siku ya Pasaka mwaka 2019, watu waliojiita Waislamu walilipua makanisa na hoteli na kuua watu zaidi ya 250.

Nao Waislamu, ambao ni kama mmoja katika kila watu kumi, wameonja mkono wa walio wengi. Machi 2018 maduka, nyumba na misikiti yao ilichomwa katika wilaya hiyohiyo ya Kandy. Wakati wa korona serikali iliamuru kila aliyekufa kwa ugonjwa huo achomwe moto, hata kama dini yake inaamrisha azikwe, na ilichukua karibu mwaka mzima kuiondoa amri hiyo, Februari 2021. Mwaka 2024 serikali iliomba radhi. Mama alikuwa amezisikia habari hizi redioni wakati ule, na hakuzisahau. Tulipotoka kuswali Ijumaa kwenye msikiti mwekundu wa Pettah, Colombo, alizungumza na mama mmoja wa huko kwa Kiarabu cha kuungaunga na ishara za mikono, akarudi kimya. Baadaye aliniambia yule mama alimzika mtu wake kwa jina tu, hana kaburi la kulizuru.

Kwa hiyo nilipoingia Hekalu la Jino niliingia na uzito. Ngoma zilikuwa zinapigwa, kwa kuwa chumba cha ndani hufunguliwa mara tatu kwa siku kwa ibada, na umati ulisogea polepole kupita mbele ya mlango ambao nyuma yake kuna kasha la dhahabu. Jino lenyewe halionekani. Masimulizi yanasema lililetwa kutoka India katika karne ya 4 na binti mfalme Hemamala, akiwa amelificha ndani ya nywele zake. Mtu hupata sekunde chache tu, kisha anasukumwa mbele. Ni hekalu zuri, lakini kwetu sisi lilipita upesi. Tulichokijia kilikuwa mbele.

Kutoka Kandy treni hupanda kuelekea Hatton kupitia mashamba ya chai yasiyo na mwisho. Chai hiyo ilianza kupandwa kibiashara mwaka 1867 na Mskoti James Taylor, na muda mfupi baadaye ugonjwa wa kutu ya majani ulipoangamiza kahawa ya kisiwa, milima yote ikageuka kuwa ya chai. Wachumaji waliletwa kutoka kusini mwa India. Wajukuu na vitukuu vyao, Watamil wa milimani, ndio ambao mpaka leo wanaonekana dirishani mwa treni wakiwa wameinama na vikapu mgongoni.

Usiku wa kupanda

Kituo cha mwisho kabla ya mlima ni kijiji cha Nallathanniya. Kutoka hapo hadi kileleni ni kama kilomita saba, na ngazi zaidi ya 5,000. Watu wengi huanza saa nane usiku ili wafike kabla jua halijachomoza. Sisi tulianza saa tatu usiku kwa sababu ya Mama.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa na familia nyingine ya watu wa huko, kizazi cha nne kikiwa mgongoni. Kabla hawajatoka, vijana wote, hata waliokwishaota ndevu, walikwenda mmoja mmoja mbele ya bibi yao. Walipiga magoti, wakainamisha paji la uso mpaka miguuni pake, naye akawawekea kiganja kichwani na kunong'ona dua yake. Mmoja wao alikuwa amevaa fulana ya timu ya kriketi na simu ilikuwa inalia mfukoni. Aliiacha ilie. Binti yangu mkubwa alisimama mlangoni akitazama. Kisha akamwendea Mama, akamshika mkono wa kulia, akambusu kiganja na kusema shikamoo, saa tatu ya usiku, ingawa walikuwa pamoja tangu asubuhi. Mama akamjibu marahaba kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana.

Njia huwashwa taa msimu wote. Ukitazama juu kutoka kijijini unaona mstari wa nuru unaopanda gizani hadi unakutana na nyota, na mtu mgeni hawezi kutambua taa ya mwisho ni ipi na nyota ya kwanza ni ipi. Mwanzoni kuna kijito cha maji baridi ambamo mahujaji wa Kibuddha huoga au kunawa kabla ya kupanda. Kila kundi huwa na kiongozi wake, mtu mzima aliyekwishapanda mara nyingi, ambaye humwelekeza anayepanda kwa mara ya kwanza la kufanya na la kutofanya. Wanaoshuka na wanaopanda huamkiana kwa neno karunawai, wakitakiana huruma. Baada ya saa moja watoto wangu walikuwa wanaliitikia kama wazawa.

Vibanda vya chai vipo kila baada ya mwendo. Tulipumzika karibu kila kimoja. Mama alikuwa na fimbo, na mara mbili nilimshauri akae kibandani atusubiri. Mara ya pili alipita bibi mmoja mwembamba aliyemzidi umri, peku, mgongo umepinda, huku na huku ameshikwa na wajukuu. Hawakuwa wanamvuta. Walikuwa wanapanda kwa kasi yake yeye, ngazi moja, pumzi mbili, na hakuna hata kijana mmoja aliyetazama saa. Mama alinitazama tu, akainuka.

Hilo ndilo nililoliona usiku kucha. Watoto wachanga walikuwa wamefungwa vifuani kwa khanga za huko, wazee wameegemea mabega ya vijana, mabinti wamebeba viatu vya mama zao, na baba mmoja alikuwa na mtoto begani na mkoba wa dawa wa mzee mkononi. Mlima una wapandaji hodari kutoka Ulaya pia, wenye buti nzuri, ambao hupanda kwa saa mbili na nusu. Wanafika. Lakini walitupita upande kama watu walio kwenye njia nyingine.

Zaidi ya nusu ya safari kuna mahali panapoitwa Indikatupana. Wabuddha husimulia kwamba Buddha alisimama hapo kushona vazi lake lililochanika, na anayepanda kwa mara ya kwanza huacha sindano yenye uzi pale, kisha huendelea kupanda huku akiufungua uzi kutoka kwenye kibonge chake. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimetanda kwenye vyuma vya ngazi kama utando wa buibui baada ya umande. Mama mmoja mwenye mtoto mkononi alishindwa kuufungua wake, akamnyooshea binti yangu ncha ili amshikie. Binti yangu akamgeukia bibi yake, macho yakiuliza. Hapa ndipo nilipomwona Mama akiwa mwalimu. Alimwambia: ibada ni yake, wewe unamsaidia mtu mwenye mtoto, mshikie. Akaushika kwa vidole viwili, wima na makini, mpaka yule mama alipomaliza.

Sehemu ya mwisho ni ya wima. Ibn Battuta aliukuta mlima huu na minyororo ya kushikilia. Ameandika kwamba mmoja kati ya hiyo uliitwa mnyororo wa shahada, kwa kuwa anayeufikia akitupa macho chini huingiwa na hofu ya kuanguka, akatamka shahada. Ameandika pia kwamba mlima ulikuwa na njia mbili, ya Baba na ya Mama, yaani Adam na Hawa. Ya Mama ilikuwa nyepesi na watu waliitumia kushukia. Aliyeitumia kupandia hakuhesabiwa kuwa amehiji. Ya Baba ilikuwa ngumu. Siku hizi kuna vyuma imara vya kushikilia, lakini upepo bado ni uleule, na baridi inapenya hadi kwenye mifupa ya mtu wa pwani.

Adhana haisikiki kule juu. Tulijua wakati wa alfajiri kwa simu ya mke wangu, tukiwa kwenye kibanda cha mwisho chini ya kilele. Mwenye kibanda, Mbuddha, alituona tunatafuta mahali, na hakuuliza kitu. Alisogeza mabenchi yake mawili, akakung'uta gunia la sukari tupu, akalitandika, kisha akasimama mlangoni kuzuia watu wasipite mbele yetu. Kutoka Sri Lanka, kibla ni magharibi, kidogo kuelekea kaskazini. Mlima mzima ulikuwa umegeukia mashariki kungoja jua, maelfu ya watu. Sisi sita tuligeukia upande wa pili, ilipo Makka, na kusini kwake, kwetu. Sijapata kuswali sala ya alfajiri kama ile. Watu wale walikuwa kinyume chetu kwa kila hali, lakini sikuona hata mmoja aliyetupa kisogo.

Kilele chenyewe ni kidogo na watu hujaa hadi ukutani. Unyayo upo ndani ya kijumba, umefunikwa. Mama aliupitia mbele akiwa ameweka mkono kifuani. Hakuinama na hakuharakisha. Kuna kengele ambayo mtu huipiga mara moja kwa kila safari aliyopanda mlima huo maishani. Watu wengi huipiga mara moja au mbili. Kisha akaja yule bibi mwembamba wa peku. Aliishika kamba akaanza kupiga, akapiga, akapiga, mpaka waliokuwa wakizungumza wakanyamaza, na wajukuu zake wakawa wanahesabu kwa sauti pamoja naye. Mama alilia. Si kwa huzuni. Alisema alikuwa anafikiria ni nani waliompandisha bibi yule mara ya kwanza, na kwamba wote lazima wameshakufa.

Jua lilichomoza baada ya saa kumi na mbili. Likachora upande wa magharibi kivuli cha mlima, pembetatu kamili, kikalala juu ya mawingu na mabonde kwa dakika chache kisha kikafupika. Watoto walikikimbilia ukutani wote watatu.

Kushuka kulimpa Mama tabu kuliko kupanda, na kitinda mimba wetu alilala begani kwangu kuanzia kibanda cha pili. Tulifika chini adhuhuri. Kwa siku zilizofuata hakuna aliyeshuka ngazi yoyote bila kuguna.

Nimeandika haya kwa sababu kuna jambo linaniuma kuhusu sisi. Afrika Mashariki safari za ibada tunazo, na nyingine ni za familia kwelikweli. Waganda, Wakenya na Watanzania wanatembea kwa miguu siku nyingi kwenda kwenye hija ya Mashahidi wa Uganda huko Namugongo, kila tarehe 3 Juni. Maulidi ya Lamu hukusanya koo nzima. Lakini wengi wetu, hasa tunaoishi mijini, tumeigeuza ziara ya ibada kuwa kitu cha mtu mmoja mwenye pesa aliyestaafu. Mzee anasindikizwa uwanja wa ndege, anarudi na maji ya zamzam na tende, na mjukuu anachokijua kuhusu Hija ni sanduku. Gharama ni sababu ya kweli, siibezi. Hata hivyo kuna safari ambazo hazihitaji ndege, na bado tunakwenda peke yetu kwa kuwa watoto wanasumbua na wazee wanachelewesha. Wasinhala wamenionyesha kwamba kuchelewa huko ndiko ibada yenyewe. Kijana anayepanda ngazi 5,000 kwa pumzi za bibi yake amejifunza subira bila kusomewa hotuba, na bibi amepata kuona, kwa macho yake, kwamba atakapoondoka njia ina wa kuishika.

Msimu wa Sri Pada huanza mwezi mpevu wa Desemba, siku ambayo Wabuddha wa huko wanaadhimisha kuwasili kwa Sanghamitta na tawi la mti, na hufungwa kwa sikukuu ya Vesak, mwezi Mei. Nje ya hapo taa huzimwa, vibanda hufungwa na mvua hutawala. Usiku wa mwezi mpevu na wa mwisho wa juma msongamano ni mkubwa. Ukiwa na mzee, chagua katikati ya wiki na uanze mapema. Lakini si lazima iwe Sri Pada. Kama una mzazi ambaye amekuwa akitaja mahali fulani kwa miaka mingi, pawe Makka, Namugongo, Lamu au kaburi la babu yake kijijini, mpeleke mwaka huu angali anatembea, na uwachukue watoto.